Miguu Kwenye Kona: Jinsi Mtelezaji wa Theluji Anavyojifunza Kugeuka

Kukata kona juu ya theluji ni kazi ya miguu, ingawa kinachogeuka hasa ni skii, yaani zile mbao mbili ndefu ambazo mtelezaji amefungiwa miguuni. Miguu huziweka skii katika hali ya kugeuka, kisha huhimili nguvu inayotokana na kona. Kazi hiyo ina sehemu tatu: kuzizungusha skii zielekee upande mpya, kuzilaza ubavu ili kingo zake za chuma ziume theluji, na kudhibiti uzito unaozikandamiza. Yote matatu hufanyika kwa pamoja, kwa sekunde moja au mbili tu, ndani ya mabuti magumu yanayouficha mguu hadi katikati ya muundi. Ndiyo maana mtelezaji anaweza kuapa kwamba ameukunja mguu wake, na video ikaonyesha kwamba ulikuwa umenyooka. Pengo hilo kati ya kinachohisiwa na kinachotendeka ndilo linaloufanya mchezo huu uwe mgumu kujifunza, na kwa zaidi ya karne moja walimu wamekuwa wakitafuta njia za kulipunguza.

Skii inavyokata kona

Skii ya kisasa ikitazamwa kutoka juu ni pana mbele na nyuma, na nyembamba katikati. Ikilazwa ubavu juu ya theluji ngumu, ncha zake mbili ndizo zinazogusa kwanza. Uzito wa mtelezaji huikandamiza sehemu ya kati mpaka nayo iguse, na skii nzima hupinda na kuwa tao. Ikisonga mbele katika hali hiyo, hulifuata tao lake yenyewe.

Kadiri skii inavyolazwa, ndivyo kona inavyokuwa fupi. Skii ya mashindano ya slalomu, yaani mbio za kupita kati ya milango ya vijiti, huwa na mpindo wenye nusu kipenyo cha mita 13 hivi. Kwa makadirio ya kihesabu, ikilazwa kwa nyuzi 60 kona yake hubana hadi nusu kipenyo cha mita 6.5. Katika slalomu kubwa, ambako milango imepangwa mbali zaidi na mwendo ni mkali, kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, zinataka mpindo wenye nusu kipenyo kisichopungua mita 30. Kabla ya miaka ya 1990, skii nyingi zilikuwa ndefu na karibu zimenyooka kabisa, kwa hiyo mtelezaji alilazimika kuzisukuma zigeuke huku zikiburura theluji. Skii zenye kiuno chembamba zilipoenea katika muongo huo, kuzilaza kukawa na manufaa makubwa kuliko kuzisukuma, na mafunzo ya miguu yakabadilika pia.

Mzunguko unakoanzia

Ukimuuliza mwanafunzi wa skii mguu wake umezunguka wapi, mara nyingi atasema ni kwenye wayo au kwenye goti. Jaribio dogo la nyumbani linaonyesha vingine. Mtu aketi kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, kisha azungushe kidole gumba cha mguu huo kielekee ndani na nje. Ataona kifuniko cha goti kikizunguka pamoja na wayo, kwa sababu goti lililonyooka haliruhusu muundi kujizungusha peke yake. Mzunguko wote umetoka kwenye nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la duara, hukaa ndani ya tundu lake na kuweza kugeuka huku na huku. Akilikunja goti kwa pembe ya mraba na kurudia, muundi utazunguka kidogo wenyewe, lakini si kwa kiasi kinachotosha kuigeuza skii nzito kwenye theluji.

Kwa hiyo msuli unaofanya kazi uko karibu na kiuno, ilhali matokeo yanahisiwa chini kabisa, kwenye wayo. Mtelezaji stadi anapopiga kona fupi, kifua na kiuno chake hubaki vimeelekea chini ya mlima, na mifupa ya mapaja huzunguka chini yake. Anayeanza hufanya kinyume: huzungusha mabega na kiuno, akitumaini miguu itafuata. Miguu hufuata kweli, lakini kwa kuchelewa, na kiwiliwili kizito kikishaanza kuzunguka ni vigumu kukisimamisha kwa ajili ya kona inayofuata.

Kuilaza skii nako kunahusisha zaidi ya kiungo kimoja. Huanzia kwenye kifundo cha mguu, hupita kwenye goti, na hukamilika kwenye nyonga. Mwendesha bodaboda anapokata kona hulala pamoja na pikipiki yake, mwili na chombo vikiwa mstari mmoja. Mtelezaji akifanya hivyo hivyo, uzito wake huangukia skii ya ndani ya kona, na ile ya nje, inayopaswa kubeba sehemu kubwa ya mzigo, huteleza na kumponyoka. Kwa sababu hiyo hulaza miguu kuelekea ndani ya kona na kuinamisha kiwiliwili kidogo kuelekea nje, hivyo mwili hufanya pembe kwenye nyonga. Mguu wa nje huwa mrefu na ule wa ndani hukunjika. Katika mbio za kimataifa, mzigo unaoukalia mguu wa nje katikati ya kona unaweza kuzidi mara mbili ya uzito wa mwili.

Jinsi mwili unavyopata habari za mguu

Mtelezaji anayetazama mbele hawezi kutazama magoti yake. Habari za miguu humfikia kwa njia nyingine. Ndani ya misuli kuna vipokezi vinavyopima urefu wa msuli na kasi ya kunyooshwa kwake; ndani ya kano kuna vingine vinavyopima mvuto. Ngozi ya wayo huhisi mgandamizo: kwenye mguu wa nje husikika chini ya kidole gumba na upande wa ndani wa wayo, kwenye mguu wa ndani, upande wa kidole kidogo. Sikio la ndani huarifu mwinamo na mzunguko wa kichwa. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1932, ndiye aliyeeleza mwanzoni mwa karne ya 20 jinsi mwili unavyojitambua wenyewe kupitia misuli na viungo, bila kutegemea macho.

Umuhimu wa hisi hiyo unaonekana kwa watelezaji wasioona. Katika Michezo ya Paralimpiki, wanariadha wenye ulemavu wa kuona hushuka mlimani nyuma ya kiongozi anayewaelekeza kwa sauti, mara nyingi kwa redio. Kiongozi huwaambia kona iko wapi, lakini namna ya kuilaza skii na kuupokea mzigo wanaijua kwa miguu yao wenyewe.

Hata hivyo habari hizo zina mipaka. Buti la plastiki, lililoanza kuchukua nafasi ya buti la ngozi miaka ya 1960, husafirisha mwendo wa muundi hadi kwenye skii bila kupoteza muda, lakini hukifunga kifundo cha mguu na kupunguza hisi zake. Baridi nayo hutia nyayo ganzi. Kisha kuna suala la muda. Mtelezaji anayekwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Mtu huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kuona jambo na kuanza kulijibu kwa makusudi, na katika muda huo mtelezaji huyo ameshapita karibu mita 3. Marekebisho madogo ya mguu juu ya barafu lazima yafanywe na uti wa mgongo na sehemu za ubongo zisizongoja fikra. Mguu ukingoja kuamriwa, kona imeshapita.

Pale hisi zinapodanganya

Makosa mengi ya kona hayatokani na ukaidi wala udhaifu wa misuli, bali na hisi ambazo ni sahihi kwenye ardhi tambarare lakini hupotosha mlimani.

La kwanza ni kusimama wima. Maisha yote mtu hujifunza kwamba wima ni mstari unaoelekea chini moja kwa moja. Anayeteleza moja kwa moja kwenye mteremko wa nyuzi 20 akisimama hivyo, kwa kipimo cha skii zake ameegemea nyuma kwa nyuzi 20, kwa kuwa anapoongeza kasi mizani yake iko kwenye mstari unaokaribia kuwa mkingamo na mteremko wenyewe. Akisogea mbele mpaka mahali panapofaa, huhisi kama anajirusha bondeni. Woga humrudisha nyuma, ncha za skii huwa nyepesi, na skii hukataa kugeuka.

La pili ni kiasi cha kulala. Ndani ya kona, mvutano wa dunia na msukumo unaoelekea nje huungana kuwa nguvu moja, na mwili huuchukua mwelekeo wa nguvu hiyo kuwa ndio chini. Wakati huohuo, anayeanza huogopa kila mwinamo. Matokeo yake ni kwamba mtu hujiona amelaza skii mpaka goti likaribie kugusa theluji, na picha humwonyesha akiwa ameinama kidogo tu.

La tatu ni mguu wa nje. Mwanafunzi anayeambiwa aunyooshe husukuma wayo mbali na mwili, na skii huburura. Mtelezaji stadi huhisi mguu unarefuka, lakini kinachosogea zaidi ni mwili wake unaoelekea ndani ya kona. Wayo unabaki chini ya mzigo na ukingo unaendelea kuuma.

La nne ni wepesi kati ya kona mbili. Njia moja ya kupunguza mzigo kwenye skii ni kujiinua kisha kutulia juu. Nyingine ni kukunja miguu ghafla. Anayetaka kuthibitisha asimame juu ya mizani ya kupimia uzito na kuchuchumaa kwa haraka: mshale utashuka kwanza kabla ya kupanda. Kwa kuwa wengi wamezoea kuuhusisha wepesi na kusimama, mtelezaji aliyevuta magoti kuelekea kifuani wakati wa kubadili kona anaweza kusema kwa dhati kwamba alikuwa amenyooka.

Karne ya kufundisha kona

Historia ya mafunzo ya skii inaweza kusomwa kama mabadiliko ya jibu la swali moja: mwanafunzi aelekeze mawazo yake kwenye kiungo gani? Katika karne ya 19 huko Telemark, Norwei, Sondre Norheim na wenzake waligeuka kwa kutanguliza mguu mmoja na kukunja goti la nyuma, kisigino kikiwa huru. Kwenye milima mikali ya Alpi, Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, Austria, alibuni mwishoni mwa karne hiyo namna ya kugeuka kwa kutanua nyuma ya skii, iliyofaa miteremko hiyo.

Hannes Schneider, aliyeanza kufundisha St. Anton am Arlberg mwaka 1907, aliyapanga mafunzo kwa ngazi. Mwanafunzi alianza na skii zilizokaribiana mbele na kutanuka nyuma, akaendelea mpaka kuzilinganisha sambamba. Mpangilio huo ulienea duniani na msingi wake ungali unatumika. Walimu wa Amerika Kaskazini huwaambia watoto wafanye "pizza" wanapotaka kupunguza mwendo na "chipsi" wanapotaka kwenda moja kwa moja, na watoto huelewa papo hapo bila kutajiwa nyonga wala goti.

Mfaransa Émile Allais, bingwa wa dunia wa mwaka 1937 huko Chamonix, aliondoa hatua ya kutanua skii na kufundisha kugeuka sambamba tangu mapema, kiwiliwili kikianza kuzunguka na miguu ikifuata. Miaka ya 1950 Stefan Kruckenhauser wa Austria alikuja na mtindo ulio kinyume chake: mabega yalibaki yameelekea bondeni, na miguu ikapeperusha visigino kulia na kushoto kwa kona fupi zilizoitwa Wedeln. Kisha Georges Joubert wa Grenoble akachambua picha za wanariadha wa mbio, akaonyesha kwamba walio hodari walikuwa wakikunja miguu kati ya kona ili kumeza msukumo wa theluji. Kila mfumo ulitokana na vifaa vya wakati wake na kile ambacho waasisi wake waliweza kukiona. Kamera ilipoingia, hoja zikahama kutoka kwenye kile ambacho bingwa alisema anakifanya hadi kile alichoonekana akikifanya.

Maabara inavyoeleza

Mtaalamu wa fiziolojia wa Kisovieti Nikolai Bernstein aliliona tatizo la mwendo kwa upana zaidi. Mwili una viungo vingi vinavyoweza kusogea kwa njia nyingi mno, na anayeanza hawezi kuvisimamia vyote. Hivyo huvikaza. Mwaka 1992, Beatrix Vereijken na wenzake walilichunguza wazo hilo kwa kutumia mashine ya kuigiza mwendo wa skii: jukwaa dogo lenye magurudumu, linalosukumwa kwa miguu kushoto na kulia juu ya reli zilizopinda. Mwanzoni wajifunzaji walikaza nyonga, magoti na vifundo, wakasogea kama kipande kimoja. Kadiri mazoezi yalivyoendelea, viungo vikalegea na kuanza kusaidiana. Ukakamavu unaoonekana kwa anayeanza mlimani si kosa la kukemewa. Ni namna ya mwili kupunguza mambo ya kushughulikia mpaka upate nafasi ya kuongeza mengine.

Mashine ya aina hiyo ilitumika tena katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Mjerumani Gabriele Wulf pamoja na wenzake. Kundi moja liliambiwa lifikirie nguvu ya wayo wa nje. Kundi jingine liliambiwa lifikirie magurudumu yaliyokuwa chini ya wayo huohuo. Umbali kati ya wayo na gurudumu ulikuwa mdogo sana, lakini waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Wulf alikuwa ameligundua jambo hilo kwanza kwake mwenyewe akiendesha ubao wa tanga majini: alifanya vizuri alipofikiria mwinamo wa ubao badala ya miguu na mikono. Tafiti nyingi za michezo mingine zimefuata, na kwa ujumla zimeunga mkono kwamba kufikiria matokeo ya mwendo husaidia kuliko kufikiria kiungo, kwa sababu fikra zinazoingilia kiungo huvuruga mifumo inayojiendesha yenyewe.

Kwa hiyo agizo "zungusha paja lako kwenye nyonga" linaweza kuwa kweli kabisa kwa anatomia na likamharibia mtu kona. Agizo "acha ukingo wa skii ya nje uchore mstari mwembamba" humfanya azungushe paja lilelile bila kulitaja. Anatomia ni ya mwalimu kwanza, ili ajue tatizo liko wapi. Mwanafunzi hupewa kazi inayoonekana juu ya theluji.

Mazoezi yanayofundisha mguu

Mazoezi mengi ya skii hupangwa ili theluji yenyewe itoe jibu. Mtelezaji akiinua nyuma ya skii ya ndani katikati ya kona, atagundua mara moja kama alikuwa anaiegemea, maana ataanguka ndani. Akishuka ubavuubavu kwenye njia nyembamba, skii zikiwa zimekingama, kisha akazizungusha zielekee upande wa pili bila kutoka kwenye njia hiyo, atalazimika kutumia nyonga. Mabega yakigeuka, atapotea njia. Akilegeza vifungo vya mabuti kwenye mteremko mpole, atahisi upesi kama amesimama juu ya wayo mzima au amening'inia nyuma. Akitazama alama alizoacha, mistari miwili myembamba humwambia kwamba kingo ziliuma, na mfagio mpana humwambia kwamba skii ziliburura.

Video hufaa zaidi ikitazamwa upesi, kabla kumbukumbu ya hisi haijafifia, na mtelezaji akiulizwa kwanza alihisi nini. Hapo huunganisha hisi fulani na umbo fulani la mguu. Siku hizi kuna pia vihisi vinavyowekwa ndani ya buti, vinavyopima mgandamizo na kumpa mtelezaji maelekezo masikioni. Lakini tafiti za ujifunzaji zinaonyesha kwamba anayepewa majibu kila mara huyategemea, na uwezo wake hushuka yanapoondolewa. Ni bora apewe kwa vipindi, na kati ya vipindi ajipime mwenyewe.

Watoto hupitia haya yote kwa njia fupi. Huiga, huanguka karibu na ardhi, na hawana tabia nyingi za kuacha. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alijifunza mchezo huu akiwa mtoto, na mwaka 2018 huko Pyeongchang akawa Mkenya wa kwanza kushiriki mbio za skii za mlimani katika Olimpiki. Mtu mzima anayeanza huja na nguvu na maelezo mengi, pamoja na mazoea ya miaka mingi ya kusimama na kugeuka kwenye ardhi isiyoteleza. Anaweza kufika mbali, mradi akubali kwamba kwa muda fulani mwendo sahihi utaonekana kwake kuwa wa kupindukia.

Wala kazi ya kuoanisha hisi na tendo haiishi kwa kufikia ubingwa. Buti jipya au skii mpya hubadilisha namna mguu unavyohisi, na majeraha ya goti hupunguza habari zinazotoka kwenye kiungo hicho. Mikaela Shiffrin wa Marekani, aliyefikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia huko Sestriere Februari 2025, anajulikana kwa kukuzwa na mazoezi ya msingi kuliko wingi wa mashindano. Wanariadha wa kiwango chake hurudia zoezi la skii moja na la kona za polepole kila msimu, kwenye miteremko ambayo wangeweza kuishuka bila kufikiri, kwa kuwa mwendo wa polepole huupa mguu nafasi ya kuhisi na kurekebisha yale ambayo kwenye mbio hayatakuwa na muda wa kurekebishwa.